Neno la Mgeni Huko Sawia

Waliowahi kufika nchi ya Sawia hawaisemi vibaya, na Mwanamvua naye, pamoja na yote yaliyomkuta huko, hakuisema vibaya. Alisema ni nchi safi, watu wake wana adabu, na maji yake ni matamu. Mengine yalimtoka kidogo kidogo, kwa miaka, hasa akiwa ameshika kazi mkononi na hamtazami mtu usoni. Ukiyaunganisha, habari yake ni hii.

Mwanamvua alikuwa fundi wa cherehani. Alipofiwa na mumewe hakuona tena sababu ya kukaa mahali pamoja, akachukua mkoba wake wa bisibisi, sindano na chupa ya mafuta, akawa anatengeneza vyerehani vya watu kutoka nchi moja hadi nyingine. Alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka hamsini, mpole, si msemaji. Alikuwa na udhaifu mmoja ambao aliujua na haukumpendeza: hakuweza kuvumilia kuchukiwa. Mteja akimpunja, alitabasamu na kusema si neno. Watu wawili wakigombana mbele yake, aliwapa haki wote wawili, kisha akatafuta sababu ya kuondoka.

Alifika Sawia wakati maradhi yameanza. Wenyeji waliyaita Mbano, kwa kuwa yalianza na kikohozi cha kawaida, kisha kifua kikabana kama kimefungwa kamba, na kila siku kamba ile ikakazwa. Kwa sababu watu wote walitakiwa kuvaa barakoa, vyerehani vilivyokuwa vimesahauliwa stoo vilitolewa vumbi, na Mwanamvua akapata kazi zaidi ya aliyoweza kuifanya. Alipanga chumba kwa bibi mmoja aitwaye Bi Mwaka, mwenye kifua kibovu cha miaka mingi ya moshi wa kuni, aliyeishi na bintiye Tabu nyuma ya gulio kubwa la nchi ile. Tabu alikuwa mama lishe. Aliwapikia wachuuzi wali, maharage na chai, na kwa sufuria zake mbili alimlisha mama yake, akajilisha mwenyewe, akalipa pango la kibanda, akabakiwa na cheko la kuwagawia majirani.

Mwezi haukwisha kabla Mwanamvua hajaacha kula peke yake chumbani. Tabu alimwita dada, Bi Mwaka akamwita mwanangu, na sahani zikawa tatu bila mtu yeyote kutangaza hivyo.

Pale mezani ndipo alipofahamishwa namna nchi inavyotawaliwa. Sawia ilikuwa na mabaraza mawili. Baraza la Pumzi lilikuwa na jukumu la kuhakikisha hakuna anayekufa kabla ya siku zake. Baraza la Chungu lilikuwa na jukumu la kuhakikisha hakuna jiko linalolala bila moto. Wajumbe wa huku walikuwa sawa kwa idadi na wajumbe wa kule, na baraza moja halikuweza kufanya jambo bila la pili kukubali. Hata salamu za watu zilifuata mpango huo. Mmoja aliuliza, "Pumzi?" mwenzake akajibu, "Ipo." Kisha, "Chungu?" na jibu, "Hakijapoa."

Katika miaka ya salama utaratibu huo haukuwasumbua. Watu wa Pumzi walipotaka mifereji ya maji machafu na watu wa Chungu wakataka barabara, walipatana, wakajenga mifereji iliyofika nusu ya mtaa na barabara zilizofika nusu ya safari. Wenyeji walimwonyesha Mwanamvua kazi hizo kwa fahari. Walimwambia kwamba katika nchi nyingine upande mmoja hupata na mwingine hukosa, lakini Sawia hakuna aliyekosa.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo mwanzoni aliidhania mzaha. Mjumbe wa Pumzi alikula kiapo cha kutokanyaga jikoni kwa mtu, na mjumbe wa Chungu alikula kiapo cha kutokanyaga zahanati. Waasisi waliona kwamba huruma ni kitu cha kuambukiza, na mjumbe akiona mateso ya upande wa pili atashindwa kuutetea wake. Basi asubuhi alipita mpiga mbiu wa Pumzi akitangaza waliozikwa, na jioni alipita mpiga mbiu wa Chungu akitangaza nyumba ambazo hazikupika. Walikatazwa kukutana katika mtaa mmoja. Wakazi wa mitaa ya juu walimsikia wa asubuhi tu, wa mitaa ya chini wakamsikia wa jioni tu, na kila upande ulishangaa kwa nini wenzao hawana akili.

Mbano ulipozidi, swali likawa moja: gulio lifungwe au liendelee. Hakuna aliyebisha kwamba maradhi yalipata nguvu pale. Watu walisongamana, walipatana bei uso kwa uso, walipokezana vikombe. Wala hakuna aliyebisha kwamba karibu nchi nzima ilikula kutokana na gulio lile, maana wanunuzi wa asali, nta na ngozi walitoka mbali, na kila aliyefika alihitaji mpagazi, malazi, kinyozi na sahani ya wali.

Mwanamvua alikwenda kusikiliza mjadala, akakaa kwenye mabenchi ya wananchi pamoja na Tabu. Kwa Baraza la Pumzi alisimama Bi Tahadhari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alieleza habari za wauguzi wanaomlaza mgonjwa kwenye shuka ambalo bado lina joto la maiti aliyeondolewa. Alisema biashara iliyokufa inaweza kufufuliwa, mtu hawezi. Aliposema hivyo ukumbi ulinyamaza, na Mwanamvua akahisi kwamba jambo limekwisha amuliwa.

Kisha akasimama Bwana Riziki wa Baraza la Chungu. Alieleza habari za mpagazi aliyeuza mabati ya nyumba yake, na sasa watoto wake wananyeshewa; za binti aliyetolewa shule akaozwa kwa mbuzi mmoja ili wadogo zake wale. Alisema hao nao wanakufa, ila wanakufa taratibu, na hakuna anayewahesabu kwa kuwa hawakohoi. Ukumbi ukanyamaza vilevile, na Mwanamvua akahisi tena kwamba jambo limekwisha amuliwa, lakini upande wa pili.

Kilichomsumbua ni kwamba wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Bi Tahadhari hakusema lolote kuhusu yule binti. Bwana Riziki hakusema lolote kuhusu lile shuka. Saa ya chakula ilipofika walitoka pamoja wakizungumza kwa upole juu ya mvua. Mshahara wa mjumbe katika nchi ile ulilindwa na sheria, gulio lifungwe au lifunguliwe.

Tabu alimnong'oneza kuhusu ghala. Lilikuwa nyuma ya ukumbi uleule, jengo refu la mawe lisilo na madirisha, na lilijaa nafaka ambayo kila kaya iliichangia wakati wa mavuno. Jina lake Ghala la Siku Mbaya. Halikuwa la Pumzi wala la Chungu, bali la kamati maalumu iliyopewa kazi ya kuchunguza kama siku mbaya imefika. Kamati hiyo ilikuwa ikichunguza tangu babu yake Tabu akiwa kijana. Tabu alicheka alipolisema hilo, ila macho yake hayakucheka.

Kura zilipigwa, zikalingana, kama zilivyolingana siku zote. Hapo ndipo ilipotafutwa sheria ya zamani ambayo vijana wengi hawakuwahi kuisikia. Ilisema kwamba mabaraza yakifungana katika jambo la uhai, neno la mwisho litatolewa na mgeni, kwa sababu mgeni hana ndugu wa kufa wala duka la kufilisika, na mkono wake hautatetemeka.

Aliyeleta habari hiyo nyumbani alikuwa Bwana Wastani, Karani wa Kati, mtu nadhifu aliyesimama mlangoni mpaka alipokaribishwa. Mwanamvua alikuwa amekaa sakafuni, cherehani amekifungua vipande vipande juu ya gazeti. Karani alimweleza kwamba mipaka imefungwa isipokuwa kwa wanunuzi, ambao hawafai kwa kuwa wana maslahi gulioni, na mgeni mwingine aliyepo ni yeye tu. Neno lake lingesikilizwa siku ya Ijumaa, na lingekuwa sheria.

Mwanamvua alimwambia kwamba yeye ni fundi, hajui habari za utawala wala za tiba. Bwana Wastani akamjibu kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe. Basi Mwanamvua akakusanya ujasiri, akauliza jambo lililokuwa likimzunguka kichwani tangu siku ya mjadala: kama gulio likifungwa, je, haiwezekani watu wa gulio wakalishwa kutoka ghalani mpaka maradhi yapungue?

Karani alitabasamu kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Bi mgeni, swali ni kufunga au kufungua gulio," alisema. "Ghala halimo kwenye swali. Kuliingiza kunahitaji ridhaa ya mabaraza yote mawili, na kamati itajisikia vibaya. Imefanya kazi kwa muda mrefu."

Hapo palikuwa mahali pa kusema, "Basi naliingiza mimi." Neno lake lilikuwa sheria, karani alikuwa amemwambia hivyo sasa hivi kwa kinywa chake. Lakini yule mtu alikuwa mstaarabu mno, na alionekana kuumia kwa niaba ya kamati. Mwanamvua akasema ameelewa. Karani akashukuru, akaenda zake, na yeye akarudi kwenye cherehani, akakaa muda mrefu bila kukumbuka kipande gani kinatangulia.

Siku iliyofuata Bi Mwaka alimwita uani. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na Tabu alikuwa ametoka. Hakuzunguka.

"Fungua gulio, mwanangu."

Mwanamvua alimkumbusha kuhusu kifua chake. Bi Mwaka akasema kifua chake anakijua, ameishi nacho. Alisema kwamba wiki hizi Tabu ana desturi ya kusema ameshakula huko alikokuwa, na mama hadanganywi kwa jambo hilo. Amezeeka akimwona binti yule akisimama kwa miguu yake mwenyewe, na hataki kumwona akiombaomba mitaani ili yeye, mwanamke aliyekwisha ona kila alichotaka kuona, aongezewe misimu miwili ya kukohoa. "Mimi nimeishi," alisema, "na sijaomba kulindwa kwa njaa ya mtoto wangu."

Jioni ya siku ileile Tabu alimfuata bombani, akamshika mkono ulioshika ndoo.

"Dada, funga," alisema. "Najua umenisikia nikilalamika, lakini funga. Njaa naiweza, nitauza sufuria, nitafua nguo za watu. Mama akipata Mbano hafiki siku ya pili. Na atakuwa ameupata kwangu, kwenye kanga yangu, pale ninapomsalimia. Utaniambia nini siku hiyo?"

Mwanamvua aliijaza ndoo. Wakaibeba pamoja mpaka nyumbani.

Hata akili ya mtu mwenye ujasiri ingeyumba. Ilikuwa nyumba moja, na kila mmoja alikuwa akimwombea mwenzake kwa kujitoa mwenyewe. Angemsikiliza mama, angemwumiza binti. Angemsikiliza binti, angemwumiza mama. Na vyovyote itakavyokuwa angerudi jioni kukaa kwenye mkeka mmoja na aliyemkatalia. Sheria ya Sawia ilimhesabu kuwa mgeni, lakini tangu zile sahani zilipokuwa tatu hakuwa mgeni tena. Alipaswa kulisema hilo mbele ya mabaraza. Hakulisema, kwa kuwa aliona aibu kudai udugu ambao hakuzaliwa nao.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Tabu alikaa karibu na mlango. Bi Mwaka alikataa kubaki nyumbani, akawekewa kiti nje ya dirisha, penye hewa. Bwana Wastani alimwongoza Mwanamvua mpaka katikati, mahali palipochorwa duara sakafuni, akamwomba atoe neno.

Aliwatazama watu wa Pumzi, akaona nyuso zinazomsihi. Akawatazama watu wa Chungu, akaona vivyo hivyo. Akamtazama Tabu, kisha dirisha. Na mdomo wake ukasema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Lifunguliwe siku moja," alisema, "na lifungwe siku inayofuata. Iwe hivyo mpaka maradhi yaishe."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bi Tahadhari alimpa mkono Bwana Riziki. Wazee walisema haijapata kutokea hukumu ya Kisawia kama ile, tena kutoka kwa mgeni. Tabu alimtazama kutoka mlangoni, akatikisa kichwa taratibu, bila hasira, akatabasamu. Bi Mwaka naye alitabasamu dirishani. Hakuna aliyemchukia. Mwanamvua alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, na wepesi ule ndio uliomuuma zaidi baadaye kuliko jambo lolote jingine.

Kasoro ilionekana upesi, ila haikukubaliwa upesi. Waliokuwa wakienda gulioni kwa siku mbili sasa walikwenda wote kwa siku moja, kwa hiyo msongamano ukawa mara mbili. Siku ya kufungwa watu walikaa ndani wakikoholeana. Siku ya kufunguliwa walitoka kuwakoholea wengine. Wanunuzi wa mbali waliposikia kwamba wanaweza kufika na kukuta milango imefungwa, walipeleka fedha zao nchi nyingine. Wauzaji wakabaki kuuziana wao kwa wao. Watu wa Chungu walilalamika kwamba barakoa inazuia kupatana bei, watu wa Pumzi wakasema haivuliwi, na baada ya mjadala mrefu mabaraza yakakubaliana barakoa ifunike mdomo na iache pua.

Mpiga mbiu wa asubuhi akaanza kuchelewa kumaliza mtaa, kwa wingi wa majina. Wa jioni vilevile. Baraza la Pumzi lilitoa taarifa kuonyesha kwamba siku za kufunga zilisaidia na siku za kufungua ziliharibu. Baraza la Chungu likatoa taarifa kuonyesha kinyume chake. Wote walilisifu neno la mgeni kwa ile nusu iliyokuwa yao.

Tabu aliendelea kupika siku za kufunguliwa. Sufuria mbili zikawa moja, na hiyo moja ilirudi nyumbani ikiwa na wali umebaki chini. Hakumlaumu Mwanamvua kwa neno wala kwa jicho. Akirudi alivua kanga ya kazini nje, akanawa mpaka viwiko, akamsalimia mama yake kwa mbali. Bi Mwaka alikuwa akinyoosha mkono kila siku, na kila siku Tabu alicheka na kurudi nyuma.

Aliyeanza kukohoa ni Tabu.

Siku ileile alihamishia mkeka wake kwenye banda la jiko, akafunga mlango wa kuingia nyumba kubwa, akamwambia mama yake kwa sauti kwamba ni mafua na hataki kumwambukiza. Mwanamvua alimhudumia. Alimpelekea uji, akamkanda, akamsikia usiku na mchana akivuta hewa kama mtu anayepandisha mlima. Kifua kilipobana sana alimwegemeza begani, wakaenda zahanati.

Zahanati ilikuwa na vitanda vilivyobaki wazi. Pumzi walikuwa wametaka kila mgonjwa apokelewe; Chungu wakauliza nani atalipia; wakapatana apokelewe mmoja, anayefuata arudishwe. Mbele yao alikuwa mzee mmoja muuza ngozi, naye aliingizwa. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alimtazama Tabu, akamtazama Mwanamvua, machozi yakamlengalenga, akasema zamu hii ni ya kurudishwa. Mwanamvua alimwambia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani, kwamba yeye ndiye mgeni aliyetoa neno, na anaamuru mlango ufunguliwe. Muuguzi akamjibu kwamba neno la mgeni hutolewa mara moja. Walijaribu kukaa kwenye ngazi wamsubiri mtu mwingine aje achukue zamu yao, lakini walinzi waliwaondoa, kwa adabu, kwa kuwa kukaa pale kungekuwa kudanganya foleni.

Njiani Tabu alipumzika mara nyingi. Katika mojawapo ya mapumziko hayo alisema, "Usijitese, dada. Ulitaka tusikose hata mmoja." Alisema hivyo kumfariji, na Mwanamvua alitamani kama angetukanwa.

Tabu alifariki katika banda la jiko, asubuhi, mama yake akiwa upande wa pili wa ukuta akimsemesha. Bi Mwaka aliendelea kusema kwa muda kabla Mwanamvua hajapata nguvu ya kutoka na kumwambia anyamaze.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache, kama ilivyokuwa kanuni. Matanga hayajaondolewa alipofika mtu mwenye kanzu ya kijivu, akajitambulisha kuwa ni Bwana Simanzi, Ofisa Majuto. Sawia ilikuwa na idara kwa ajili hiyo. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa wafiwa na kwa waliofilisika na kuwajutia kwa niaba ya serikali, kwa sauti iliyofunzwa. Aliuliza jina la marehemu, akaliweka mahali pake katika maneno yake, akasema kwamba mabaraza yote mawili yanajuta kwa kipimo kilekile. Kisha akaeleza kwamba familia ikiyapokea majuto hayo jambo huhesabika limejutiwa, na haitakuwa halali kulijutia tena hadharani, kwa kuwa majuto yakirudiwarudiwa huwavunja watu moyo.

Bi Mwaka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yapeleke kwa wengine, baba," alimwambia. "Ya mwanangu nitayabeba mwenyewe."

Bwana Simanzi hakuwahi kukataliwa. Alisimama kidogo, akatazama chini, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufanana na ya kufunzwa; akasema pole mama, akaondoka.

Gulio lilifungwa baadaye, si kwa kura. Lilifungwa kwa sababu hapakuwa tena na wa kuuza wala wa kununua. Maradhi nayo yalipungua, yalipokosa wa kuwaendea. Majira yalipogeuka, kamati ya ghala ilitoa jibu lake baada ya vizazi viwili vya uchunguzi, na jibu likasomwa ukumbini mbele ya mabaraza yote. Kamati ilithibitisha kwamba siku mbaya ilikuwa imefika kweli. Ilithibitisha pia kwamba imekwisha pita, na kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kufungua ghala. Watu waliokuwepo walipiga makofi, ingawa si wengi kama zamani. Mwanamvua alikuwa nyuma, amesimama. Alitoka nje akalizunguka lile jengo la mawe hatua kwa hatua, akiweka kiganja ukutani, mpaka akarudi pale alipoanzia.

Mipaka ilifunguliwa, naye hakuondoka. Hakujua atamwachia nani Bi Mwaka, na hakuthubutu kumuuliza kama anamtaka abaki. Majirani walikuwa wakileta chakula mpaka siku moja Bi Mwaka alipowashukuru, akasema inatosha, akaingia mwenyewe kwenye banda la jiko ambalo Tabu alikuwa amempiga marufuku miaka mingi kwa ajili ya moshi. Mwanamvua alitaka kumzuia, akazuiwa kwa mkono. Alikaa kizingitini akimsikiliza anavyokohoa na kupuliza moto. Wali ulipoiva walikaa mkekani, sahani mbili.

Hawakuanza kula. Bi Mwaka alimtazama kwa muda.

"Aliniombea mimi, si ndiyo?" aliuliza. "Alikwambia ufunge."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikwambia ufungue." Alifikiri. "Kama tusingekuwepo pale sisi wawili, mmoja mlangoni na mmoja dirishani. Kama ungekuwa hutujui. Ungesema nini?"

Mwanamvua alikuwa amejiuliza swali hilo kila siku, na bado alipotea. Alianza kusema kwamba angefunga, akaacha. Akaanza kusema habari za ghala, namna alivyomuuliza karani na namna alivyonyamazishwa kwa tabasamu tu, akamaliza yote bila kujitetea popote.

"Sijui kama ningemwokoa," alisema mwishowe. "Labda ningefunga akafa kwa njaa, labda ningefungua ukafa wewe. Hilo sitalijua. Ninalolijua ni kwamba siku ile sikuwa nawafikiria ninyi. Nilikuwa nafikiria namna mtakavyonitazama."

Nje mtu alipita akimsalimia mwenzake, pumzi ipo, chungu hakijapoa, kwa mazoea. Mwanamvua alisubiri kufukuzwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutafuta neno la kumtuliza mtu.

"Mimi nimekukasirikia," alisema Bi Mwaka. "Nitakukasirikia kwa muda mrefu, sijui mpaka lini. Kula, wali unapoa."

Akamsogezea sahani. Mwanamvua alikula mpaka akamaliza, kwa kuwa kukataa kungekuwa kuomba abembelezwe, na mwenye haki ya kubembelezwa mle ndani hakuwa yeye.